Sehemu ya Mwisho ya Jumba la Kengele

Thornton Heath, London
14 Septemba 2024

Kaka Thadei,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Naamini barua hii inawakuta wazima, wewe na wifi Vaileth, na kwamba goti lake limepoa. Mwambie asilazimishe kupanda kilima kwenda kanisani, Mungu anajua alipo. Sisi huku hatujambo. Ryan bado yuko Leeds na kazi zake za kompyuta. Ananipigia kila Jumapili, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini anapiga. Samson hajambo, anakusalimu.

Utauliza kwa nini naandika wakati juzi tu tumeongea. Kaka, kwenye simu tunaulizana hali, mtandao unakatika, tukirudi tunaulizana hali tena. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba barua unaweza kuisoma mara ya pili.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa Hounslow kwa shughuli zangu, mvua ikanikuta, nikajibanza kwenye mlango wa maktaba. Dirishani kulikuwa na tangazo lenye picha ya jumba kubwa la mawe, na mnara wa kengele umeinama kidogo. Nilisimama pale na mifuko yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Lilikuwa Jumba la Kengele, kaka. Jumba letu lile la kwenye televisheni ya Bruda Anselme. Jina lake halisi ni Bellmoor. Miaka yote hii sikuwahi kuliona limeandikwa.

Tangazo lilisema kwamba wapenzi wa tamthilia hiyo hukutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa jirani. Jumamosi nikaenda. Nilikuta wazee wa Kizungu wachache wamekaa duara na vikombe vya chai. Mmoja amevaa koti refu jeusi lenye kola ya juu kama la Bwana Orme, mlinzi wa jumba. Walikuwa wanabishana kama taa ya ghorofani iliwaka kabla au baada ya Bi. Hesper kugundua kwamba jumba lile si nyumba bali chombo kilichoanguka kutoka nyota nyingine, watu wakalijengea mawe juu yake. Wanabishana kwa dhati, kama tulivyokuwa tukibishana sisi. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Kando yangu alikaa mama wa Kihindi mwenye sweta la kijani juu ya sari. Aliposikia jina langu akaninong’oneza kwa Kiswahili, “Dada, wewe wa wapi?” Nikamwambia Rombo. “Mimi wa Nakuru,” akasema. Anaitwa Bharti, anakaa Neasden. Yeye naye aliangalia Jumba kwenye televisheni ya Kenya, miaka ileile. Sisi tulikuwa tunaiba picha upande wetu wa mpaka, wao wanaipata kihalali upande ule.

Jambo lenyewe ni hili. Sehemu ya mwisho imepotea. Waliotengeneza walifuta mkanda ili warekodie kitu kingine, ndivyo walivyofanya zamani zile. Ilionyeshwa hapa mara moja, na Kenya mara moja. Bharti anakumbuka vipande tu, Bi. Hesper akiwa ufukweni. Nikaropoka kwamba kaka yangu aliiona, na ukumbi mzima ukanigeukia.

Mimi sikuiona. Unakumbuka, saa zile wasichana tulikuwa tunakata majani ya ng’ombe. Niandikie iliishaje.

Mdogo wako,
Restuta


Mkuu, Rombo
27 Oktoba 2024

Restuta mdogo wangu,

Marahaba, na Milele amina. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, sijui ni mvua ya kwenu au ya kwetu. Vaileth anakushukuru kwa ushauri na hataufuata. Goti linauma, lakini kanisani anakwenda, na akirudi ndiyo analalamika. Kahawa mwaka huu si mbaya. Ile migomba ya upande wa mfereji imeanguka na upepo, nimeiinua iliyoinuka.

Nimesoma barua yako mara ya pili, kama ulivyotaka, kisha mara ya tatu kwa raha yangu. Sikutegemea kwamba kuna mzee wa Kizungu anavaa koti la Bwana Orme mwaka huu wa elfu mbili na ishirini na nne.

Umenirudisha mbali. Ile televisheni ilikuwa na milango ya mbao kama kabati, na Bruda Anselme alikuwa na ufunguo wake shingoni pamoja na msalaba. Antena ilikuwa juu ya paa la karakana, imefungwa kwenye bomba la chuma, na ilibidi itazame Kenya sawasawa. Ikisogea kidogo, chenga tupu. Aliyekuwa akipanda ni Samson, kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuogopa bati. Anazungusha bomba, anapiga kelele, “Bado?” Sisi ndani tunajibu, “Bado!” mpaka sura ya Bi. Hesper inatokea kwenye zile chenga, nyeupe kama mtu aliyetoka kuugua.

Na Kiingereza chao nani alikijua? Bruda naye alikuwa Mbelgiji, alikuwa anasikia nusu na kutufasiria robo kwa Kiswahili chake cha misheni. “Huyu mwanamke anasema nyumba iko na moyo.” Mpaka leo sijui kama Bi. Hesper alisema hivyo au ni Bruda. Ndiyo maana nasita kuwapa wazee wako hadithi, huenda nikawapa ya Bruda Anselme.

Lakini Restuta, kwa nini unaniuliza mimi? Mwenye hadithi unaye hapo ndani. Kila Jumapili jioni Samson alikuwa anasimama kwenye ua wa masale anakusimulia sehemu nzima, kwa sauti za watu wote, na wewe umeshika mundu hukati kitu. Baba alidhani ng’ombe wetu wana njaa ya ajabu, jinsi ulivyokuwa unakaa kule majanini. Muulize mume wako. Na umwambie shemeji kwamba ameninyima maneno muda mrefu. Aniandikie mstari mmoja tu, hata wa matusi.

Halafu, nimeangalia ramani kwenye simu ya jirani. Hounslow si karibu na kwenu.

Kaka yako,
Thadei


Thornton Heath
8 Desemba 2024

Kaka Thadei,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Hospitalini watu wengi wanaugua kipindi hiki, na sisi tuliokaribia kustaafu ndio tunaoitwa kujaza nafasi. Nawatakia Noeli njema. Nimemtumia wifi mkanda wa goti kupitia kwa Aikaeli, yule binti wa kwa Mosha aliyekuja kusoma hapa. Anarudi likizo, atauleta mwenyewe.

Samson ana uchovu wa baridi. Ataandika akipata nafasi.

Jumapili iliyopita Bharti alinialika kwake Neasden. Ukiwa jikoni kwake unaona vilele vyeupe vya hekalu lao kubwa. Mume wake alifariki kabla ya korona, wanawe wako Kanada. Alinipikia chai ya iliki nzito kama ya kwetu, tukakaa kwenye kochi na blanketi moja miguuni, tukaangalia sehemu zilizosalia. Mtoto wa mzee mmoja wa pale Hounslow amezisafisha, hazina chenga hata kidogo.

Sikuipenda, kaka. Ukiiona safi hivyo unaona kwamba ukuta wa jumba ni mbao zilizopakwa rangi. Mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta unatikisika. Na mnara ni kidude kidogo mezani. Bi. Hesper alikuwa msichana tu, umri wa Ryan. Bharti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, “Turudishe chenga.” Akapunguza mwanga wa kompyuta mpaka picha ikawa giza, na hapo tukaweza kuogopa tena.

Nilirudi na treni, nikapika ndizi kwa nyama kama mazoea, sufuria nzima. Nimezila wiki nzima.

Unaniuliza kwa nini simwulizi Samson. Hakuwahi kunimalizia. Zile sehemu nyingine zote alinisimulia, hiyo ya mwisho akasema, “Nitakumalizia siku nyingine.” Nikamsumbua, akakataa. Hata siku ya harusi nilimkumbusha mbele ya padri akaanza kucheka. Ikawa utani wetu. Nikinuna anasema, “Usininunie, bado sijakumalizia.” Nilizoea kutojua, tena nilipenda. Sasa nataka kujua.

Usiniulize zaidi. Niandikie tu.

Restuta


Mkuu, Rombo
2 Februari 2025

Restuta,

Marahaba. Mkanda umefika na Vaileth anaringa nao. Tumemaliza Noeli salama. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu, nikakaa kwa kijana wetu Geofrey kuliko nilivyopanga, na joto la kule lilinitoa roho. Shughuli hazikwenda nilivyotaka. Tuliache hilo.

Siku ya Noeli nilipiga simu nikitaka kumsikia shemeji. Akapokea Ryan. Nikamwambia nipe baba yako. Akasema, “Dad’s asleep, Uncle,” eti baba amelala. Ilikuwa mchana kwenu. Nikasema sawa.

Kuhusu Jumba: nakumbuka sehemu ile vizuri kuliko nyingine yoyote. Lakini siwezi kukuandikia. Kuna neno nililompa Samson tukiwa njiani kurudi nyumbani siku ile, na nimelitunza tangu tukiwa na kaptula. Kama kuna sababu ya mimi kulivunja, iseme wewe. Mimi sitaitaja.

Kaka yako,
Thadei


Thornton Heath
23 Machi 2025

Kaka Thadei,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Sitaulizia goti la wifi wala kahawa, utanisamehe. Nikianza na hayo sitafika.

Samson haishi hapa. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mbele kidogo ya Hounslow. Amekuwa huko tangu mwaka juzi mwezi wa Novemba. Hounslow huwa nakwenda kwa ajili yake.

Ilianza kazini kwake uwanja wa ndege. Wewe unajua alivyoufahamu uwanja ule, amesafisha ndege pale tangu Ryan akiwa mtoto. Siku moja alishindwa kuuona mlango wa kutokea. Wenzake wakamtoa, wakacheka naye, akacheka. Halafu akawa anaweka chumvi kwenye chai. Halafu jina la Ryan likawa linamponyoka, anamwita “kijana”. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakuta jiko limewashwa bila sufuria. Januari moja polisi walimleta amevaa soksi tu, amekwenda mpaka stesheni, anasema anasubiri gari la kwenda Himo.

Nilijaribu, kaka. Nilipunguza kazi, nikabadilisha kitasa cha mlango. Akanishika mkono siku moja kwa nguvu, hanijui, anadhani nimeingia kuiba. Ryan akaja, akaona mkono wangu, akasema haiwezekani. Nikatia saini. Nimeuguza wazee wa watu maisha yangu yote, na wa kwangu anaogeshwa na wengine.

Sikukuambia kwa sababu nilisikia tayari watakavyosema pale njiapanda: Restuta amemtupa mume kwa Wazungu. Nilidhani na wewe ungesema, si kwa mdomo. Kila nilipokuandikia kwamba anakusalimu, hakuwa amekusalimu. Nilikuwa nakusalimia mimi kwa jina lake.

Sasa nikueleze la majuzi. Bharti alinitilia kwenye simu ule wimbo wa kuanzia, wa kengele na kinanda. Akasema twende wote tumsikilizishe. Nilikataa, nilijua atategemea muujiza na mimi nitategemea naye. Akanibembeleza tukaenda.

Samson alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyolewa vizuri, wanamtunza. Nikauwasha wimbo. Akainua kichwa. Akasimama, akaenda dirishani, akanyanyua mikono juu kama ameshika kitu kizito, akawa anakizungusha polepole. Akasema, “Bado?”

Bharti akaniangalia. Nisingeelewa kama wewe usingeniandikia. Nikasema, “Bado.”

Akazungusha. “Bado?”

“Bado.”

Sikutaka iishe, lakini nilimwonea huruma mabega yake, nikasema, “Hapohapo. Acha.” Akashusha mikono, akarudi kukaa, akautazama ukuta. Akasema kwa Kiswahili kizuri, si kile cha kutafuta maneno, “Thadei yuko nje. Mfungulieni.”

Nikaenda nikafungua mlango. Korido ilikuwa tupu, kuna zulia na kigari cha nguo chafu. Akachungulia, akasubiri kidogo. “Amechelewa,” akasema.

Nikapiga magoti mbele yake nikamwuliza, “Samson, iliishaje?” Akanitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni wa watu, akasema, “Dada, na wewe unaijua hadithi hii?”

Basi. Sababu ndiyo hiyo, nimeisema.

Restuta


Mkuu, Rombo
15 Juni 2025

Restuta mdogo wangu,

Barua yako imekaa kwenye mto wangu tangu Pasaka. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Vaileth ndiye aliyeniambia kwamba hasira ile ni kilio, niende shambani nikalie nimalize. Nilikwenda.

Hakuna mtu njiapanda aliyesema kitu, kwa sababu sijamwambia mtu njiapanda.

Nilikuwa najua, Restuta. Si habari ya nyumba ya wazee, lakini ugonjwa nilijua. Kabla Samson hajaacha kushika simu, alinipigia akaniuliza mama yake anaendeleaje. Mama yake tulimzika wote, alikuja kwa mazishi. Nikamwambia amepumzika. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Akauliza tena simu ileile, na tena. Nikamjibu kila mara kama mara ya kwanza. Nikangoja uniambie. Nilidhani ukinyamaza ni kwamba hutaki nijue, na mimi sikutaka kukuvua nguo. Tumekaa hivyo kila mtu upande wake.

Dar es Salaam nilikwenda kuomba viza. Nilitaka nije nikae naye mwezi mmoja bila kukwambia, nikutokee tu mlangoni. Wamekataa. Wanasema hawaamini kwamba nitarudi. Mimi, mwenye kihamba cha migomba na ng’ombe na Vaileth. Geofrey anasema nijaribu tena, lakini nimeangalia umri wangu na nimeangalia karatasi wanazotaka. Sitamwona Samson tena. Nimeona afadhali mmoja wetu aliseme.

Kwa hiyo nakuandikia kilichobaki. Hii si yako peke yako. Msomee Samson.

Samson, rafiki yangu. Keti vizuri. Ni Jumapili, Bruda amefungua milango ya kabati, na chumba kimejaa. Kengele ya jumba inaanza kulia yenyewe, hakuna mtu kwenye kamba. Mawe ya ukuta yanaanza kudondoka, na ndani yake kuna kitu kinachong’aa. Jumba linaamka. Bi. Hesper anawakimbiza watu wote nje, wapishi, yule mtoto asiyekua, wote wanashuka mpaka ufukweni. Anabaki yeye na Bwana Orme. Bwana Orme hawezi kuvuka mlango, ni wa jumba lile, likiondoka anaondoka nalo. Anamwambia, “Nenda, bibi.” Bi. Hesper anavaa koti lake. Anafika mlangoni. Wale wa ufukweni wanamwita.

Na hapo, Samson, zikaja chenga. Upepo ulikuwa mkali siku ile. Watoto wakapiga kelele. Wewe ulishaondoka kabla hujaombwa. Tukakusikia juu ya bati, unauliza, na sisi tunakujibu. Picha ikaja, ikaondoka, ikaja. Ukalishikilia bomba kwa mikono yote miwili ili upepo usilisogeze, na kwa sababu ulilishikilia sisi tuliona. Bi. Hesper alivua lile koti akalitundika kwenye msumari wa mlangoni. Akaufunga mlango kwa ndani. Jumba likapanda juu na madirisha yote yamewaka, mpaka likawa kama nyota nyingine tu. Ikaisha. Bruda akafunga kabati tukaanza sala.

Ulikuja umechelewa, mikono imechubuka kwa lile bomba, unauliza iliishaje. Bruda akakunyamazisha kwa sababu ya sala. Njiani nilitaka kukueleza ukasema usielezwe, utaiona ikirudiwa. Haikurudiwa. Ukaniambia, “Restuta asijue kwamba sikuiona.” Nikakubali. Samahani, ndugu yangu, leo nimemwambia.

Restuta, hakukumalizia kwa sababu hakuwa nayo. Hilo ndilo neno nililolitunza. Bharti wako akisema Bi. Hesper alitoka, usibishane naye, labda kwao kulikuwa na chenga pia. Kwetu hakutoka.

Thadei


Hounslow, London
20 Julai 2025

Kaka Thadei,

Shikamoo, na wifi pia. Anwani umeiona. Nitafika huko.

Kuhusu viza sina la kukuandikia. Nimekaa na ile karatasi yako mkononi nikakuona umesimama kwenye foleni ya Dar na suti yako ya harusi ya Geofrey. Ningekuona mlangoni nisingeuliza kitu, ningekukaribisha tu.

Nilimsomea. Nilichagua asubuhi, ndiyo anakuwa mwepesi. Nilifunga mlango nikamsomea taratibu, na mahali pengine nikageuza Kichagga kwa sababu kinampata haraka zaidi. Alisikiliza akiwa ameangalia mdomo wangu. Nilipofika kwenye bati na upepo, nikashindwa kuendelea. Akangoja. Kisha akasema, “Soma.”

Nikasoma mpaka mwisho. Akachukua biskuti yake akaivunja, nusu akanipa.

“Huyo aliyeandika anasimulia vizuri,” akasema. “Ni nani?”

“Ni Thadei.”

“Namfahamu?”

“Mlikua pamoja.”

Akafikiri. Nilidhani amepotea tena. Akaniuliza, “Yule kijana wa juu ya paa, alishuka?”

“Alishuka.”

“Vizuri,” akasema. “Juu kuna baridi.”

Kuhusu wewe au mimi hakusema kitu kingine, na sikumlazimisha. Alilala na makombo kifuani, nikayapangusa.

Wale wazee wa ukumbini bado wananiuliza. Nimewaambia kaka yangu hana uhakika. Nilimsimulia Bharti peke yake, kwenye simu, na yeye hakubishana. Alisema tu kwamba kwao Nakuru walizima kabla ya mwisho kwa sababu baba yake alitaka kulala, na kwamba yule Bi. Hesper wa ufukweni huenda alimwota. Kisha tukakaa kwenye simu muda mrefu, na hakuna aliyekata.

Nyumba ya Thornton Heath nimeiacha. Ryan alitaka nihamie kwake Leeds, ana chumba. Nikamwambia hapana. Akakasirika kwa Kiingereza, halafu mwisho wa simu akasema, “Haya, mama.” Amekuja na gari kunihamisha vitu vyangu, ambavyo havikuwa vingi. Hospitali nimeaga.

Nimepanga chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Ndege zinapita chini sana hapa, sahani zinalia kabatini. Sijui mtu mtaani isipokuwa Sachin mwenye duka, ambaye ananisalimia akiwa anapima vitambaa vyake. Jioni ni ndefu. Siku nyingine nafungua redio ili kuwe na sauti, na siku nyingine nasahau kuifungua.

Lakini kutoka hapa kwa Samson ni kwa miguu. Kila asubuhi nafunga mlango wangu, napita maktaba, napita kanisa, nabonyeza kengele yao. Mara nyingi namkuta amekaa dirishani. Ananigeukia, anasimama kama alivyofundishwa na mama yake, ananiambia karibu, mgeni. Nami naingia.

Mbaki na Mungu, wewe na nyumba yako yote.

Mdogo wako,
Restuta